Namna ya Kukiua Kitufe cha «Tuma»

Ndugu fundi wa tovuti hapa Bunia, umepewa kazi ya kutengeneza fomu ya kuandikisha wanafunzi, nawe hutaki iende vizuri kupita kiasi. Fuata mwongozo huu.

Ijaribu kwenye laptopu yako, kwa waifai ya ofisi, ukienda mbele tu. Kitufe cha kurudi nyuma usikiguse. Kurudi nyuma ni mambo ya wateja.

Kisha weka ile skripti ambayo kila mtu anaiweka: mtu akibonyeza «Tuma», kitufe kinazimika, kinakuwa cha kijivu na kuandika «Subiri…». Nia ni njema, fomu isije ikatumwa mara mbili. Sasa mtazame binti aliyesimama kwenye kibanda cha fotokopi, Boulevard de Libération, na simu nzuri ya kaka yake mkononi. Ametuma. Ukurasa wa pili unamwambia ameweka postinomu mahali pa jina. Anarudi nyuma asahihishe. Fomu inafika papo hapo, alichoandika chote kipo, hakuna mega iliyoliwa. Na kitufe je? Cha kijivu. «Subiri…». Binti amelelewa vizuri. Akiambiwa asubiri, anasubiri.

Siku hizi kivinjari hakipakui upya ukurasa uliotoka kuuacha. Kinaugandisha mzima kwenye memori, skripti na hali yake yote, na ukirudi kinauamsha kama mtu aliyesinzia katikati ya neno. Firefox ilileta jambo hilo mwaka 2005, toleo 1.5. Chrome ya Android ilianza nalo mwaka 2020, toleo 86, kwa wanaohama tovuti moja hadi nyingine. Toleo 96, mwaka 2021, likalifikisha kwa wote. Ukurasa ulioamshwa hivyo haupigi tena load wala DOMContentLoaded, na wewe kila kitu umekitundika hapo. Hongera.

Malalamiko yakifika, jibu: «Kwangu inafanya kazi.» Mara nyingi utaonekana mkweli. Simu yenye memori ndogo huutupa ukurasa uliogandishwa ili ipate nafasi. Ukirudi, unapakuliwa upya na kitufe kinafufuka. Simu ya bei kubwa ina nafasi tele, basi inautunza pamoja na ugonjwa wake. Yaani umetengeneza kosa linalowaruka maskini na kumfuata shefu anayekulipa. Hilo hata mimi sikuwa nimelipanga.

Shefu akikasirika, jihadhari na kebo ya USB. Fundi akiunganisha simu na kompyuta, akaandika chrome://inspect, anaweza kuyaona yote yanayotendeka ndani ya ukurasa. Zana za Chrome zina hata sehemu maalumu ya kupima ugandishaji huu, ambayo hutaja sababu ukurasa unapokataliwa. Ukifika huko, fumbo limekwisha, na fumbo ndilo linalokulisha.

Chagua dawa ya kishujaa: bandika Cache-Control: no-store kwenye kurasa zote. Kwa miaka mingi amri hiyo ilivizuia vivinjari kugandisha kurasa. Kitufe huenda kitapona, ila kila atakayerudi nyuma atapakua upya na pengine kujaza fomu upya. Mega zitaliwa, lakini si zako. Au uamuru location.reload() kila mtu anaporudi. Bili ni ileile. Ukitaka kupoteza na data juu yake, hifadhi fomu kwenye unload: kwenye simu mtu huhamia WhatsApp, mfumo unakiua kivinjari kimyakimya, na unload haipigi kamwe.

Watakuja wenye kijicho kukunong'oneza usikilize pageshow. Persisted ikiwa true, ukiwashe kitufe, uandike tena «Tuma», na usahihishe saa yoyote inayohesabu, maana nayo ilisimama wakati ukurasa umelala. Watasema pia kazi za kuaga ukurasa zihamie pagehide. Ni mistari michache, haijazi hata kioo cha simu.

Ukibanwa kabisa, iweke mistari hiyo usiku. Asubuhi peleka ankara: «Ukarabati mkubwa wa mfumo», kwa dola.