Sifa za ALT ya 58

Washairi wetu wamewasifu masultani, majahazi na warembo wenye mwanya. ALT, kimeng'enya cha ini, hakuna aliyemkumbuka. Yuko pale kwenye karatasi ya maabara, kando yake herufi H na mshale unaotazama juu: 58, wakati maabara nyingi humtaka asivuke 40 hivi. Hajapanda kiasi cha mtu kulazwa, wala hajatulia kiasi cha kupuuzwa. Hapo ndipo ulipo utukufu wake.

Ni mbea, na umbea wake una faida. Makazi yake halali ni ndani ya seli za ini. Seli zikiumia, anavujia kwenye damu na kuanika ya nyumbani. Bila yeye tungejuaje? Ini likijaa mafuta kwa kawaida haliumi. Mtu hutembea nalo miaka, kitambi mbele, huku akipongezwa kwamba maisha yamemkubali.

Tena habagui. Mlevi humtarajia, lakini yeye humbishia hodi hata shemasi ambaye hajawahi kuonja bia: anamkuta na soda ya mchana, chipsi mayai za usiku na kiti cha ofisini asichobanduka. Mwaka 2023 madaktari wa ini waliubadilishia ugonjwa huo wa mafuta kwenye ini jina, wakaacha kuutambulisha kwa pombe ambayo mgonjwa hanywi. Heshima ya shemasi imerudi. Mafuta yamebaki palepale.

Ila uweza wake mkuu uko kwenye sahani. Mke kasema mpaka kachoka, fundi cherehani kaongeza kiuno cha suruali mara kwa mara, wapi! ALT kaandika tarakimu mbili tu, na mtu mzima kasimama kwa mama ntilie akinong'ona:

“Dada, leo nipunguzie ugali, ongeza mchicha. Na soda usinipe.”

“Kaka, unaumwa?”

“Siumwi. Nimepimwa.”

Na anachodai si kikubwa. Mwenye kilo 90 akipunguza 4 au 5, mafuta ya ini huanza kupungua. Akifikisha 9, hata uvimbe wa ndani ya ini huweza kutulia. Kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki hakudai kadi ya jimu. Shuka daladala vituo viwili kabla ya kwako, uanzie hapo.

Jirani yake kwenye karatasi, LDL, ile kolesteroli mbaya, simpi sifa hizi. Trigliseridi, mafuta mengine ya damu, angalau husikia ukiacha sukari na pombe. LDL anataka uage tui zito, siagi na ngozi ya kuku, na kama ni urithi wa ukoo, bado atakucheka mpaka uandikiwe vidonge.

Wauza majani ya kusafisha ini hawampendi ALT, na hiyo pekee ni sifa tosha. Baadhi ya dawa zao ndizo humpandisha, naye huwaumbua kwenye kipimo kinachofuata.

Ana hila moja: huweza kupandishwa na homa ya ini B huku kitambi kikisingiziwa. Kwa hiyo wewe uliyeikunja karatasi yako na kuisukumia chini ya kabati, itoe. Mwombe daktari akupime na homa hiyo, mkubaliane lini ALT arudiwe, mara nyingi ni baada ya miezi mitatu hivi, kisha uende siku hiyo.