Geti Limegoma: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba Aliyefungiwa Nje

Honi si rimoti. Tuanzie hapo, kwa sababu jioni yoyote ukipita mitaa ya Mbezi Beach, Tegeta au Kigamboni utamsikia mtu anayeamini vinginevyo. Amebonyeza rimoti, geti la umeme halikujibu, sasa anapiga honi. Honi ikishindwa, atamfokea mlinzi. Mlinzi hana kosa. Hakulifunga yeye hilo geti, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumwonyesha ufunguo wa mota ulipo.

Geti la umeme ni mashine yenye viungo vichache, na kila kiungo kina namna yake ya kugoma. Ukivikagua kwa mpangilio, kuanzia kilicho rahisi, unaweza kuingia ndani kabla fundi hajapokea simu. Mpangilio wenyewe ni huu.

Kwanza: tazama taa za jirani

Kabla hujalishuku geti, inua macho. Mtaa mzima ukiwa giza, umeme umekatika. Ruka uende hatua ya tatu. Kwa jirani kukiwa kunawaka na kwako giza, mpigie simu aliye ndani umuulize swali ambalo hakuna mwenye nyumba anayependa kuulizwa: LUKU imeisha? Ikiwa imeisha, nunua umeme kwa simu hapo hapo kwenye gari, kisha msomee tarakimu 20 za tokeni nne nne, pole pole. Fundi ukimwita kwa tatizo hili atakuja, ataingiza tokeni, na atadai nauli yake. Mlipe, ni haki yake.

Ndani kukiwa kunawaka, mwambie akatazame breka ya geti kwenye meni swichi. Ikiwa imeshuka, aipandishe mara moja tu. Ikishuka tena, iachwe ilivyo. Breka inayokataa kukaa juu inakuambia kuna waya umegusana na maji au na chuma, na katika msimu wa masika bomba la waya lililofukiwa ardhini hujaa maji kwa urahisi. Kuilazimisha ni kuupeleka umeme mahali ambapo mtoto anaweza kushika.

Pili: ikague rimoti kwa heshima

Kuunyoosha mkono dirishani, kuizungusha rimoti hewani na kuipigapiga kwenye goti: hakuna hata kimoja kinachojaza betri. Tazama kitaa chake kidogo. Kisipowaka, au kikiwaka kwa unyonge, betri imechoka. Nyingi hutumia kibetri chembamba cha volti 12 au kile bapa cha CR2032 cha volti 3. Vyote viwili ni rahisi kupata na bei yake ni ndogo, kwa hiyo weka kimoja kwenye gari. Dalili ya mapema ya betri kuchoka ni kwamba kila mwezi unalazimika kusogea karibu zaidi ndipo geti lifunguke. Wengi huizoea dalili hii mpaka wanajikuta wamebana bampa kwenye geti.

Jaribu rimoti ya pili. Ikifanya kazi, umemaliza. Zote mbili zikiwa zinawaka na geti halijibu, basi tatizo liko upande wa pili wa ukuta.

Tatu: tafuta ufunguo wa mota

Hapa ndipo kaya nyingi hukwama, na hapa ndipo ningeomba usikilize zaidi. Karibu kila mota ya geti linaloteleza kwenye reli ina tundu la ufunguo au mkono mdogo wa kuvuta, na kazi yake ni moja: kuiachanisha gia ya mota na reli ya meno iliyofungwa kwenye geti. Ukishauzungusha ufunguo au kuuvuta mkono huo, umeme hauna kauli tena. Geti linasukumwa kwa mkono, kama enzi za babu.

Ufunguo huo huja ndani ya boksi la mota. Fundi humkabidhi mwenye nyumba, mwenye nyumba huuweka kwenye droo, na droo iko ndani ya nyumba ambayo sasa hivi haingiliki. Suluhisho ni mambo mawili. Mlango mdogo wa waenda kwa miguu uwe na kitasa kinachofunguka kwa nje, na ufunguo wake ukae kwenye bunda lako la kila siku. Ufunguo wa mota nao utundikwe mahali ambapo kila mkaaji wa nyumba anapajua: mama, dada wa kazi, mlinzi, kijana wa kidato cha kwanza. Usiku wa moto au wa mgonjwa anayekimbizwa hospitali, droo yenye betri za zamani na risiti za mwaka juzi haitamsaidia mtu.

Nne: kipimo cha mkono mmoja

Ukishaiachanisha mota, sukuma geti kwa mkono mmoja. Kipimo hiki hakina gharama na huondoa ubishi mwingi. Likienda laini mpaka mwisho wa reli, geti lako ni zima na ugonjwa uko kwenye mota au umeme wake. Likikwama, iombe mota radhi. Ilihisi uzito usio wa kawaida ikajizima ili isiungue.

Geti lililokwama lina sababu zinazoonekana kwa macho: kokoto kwenye reli ya chini, mchanga ulioletwa na mvua, gurudumu lililokufa beringi, au kutu, ambayo karibu na bahari haingoji mwaliko. Fagia reli. Usiipake grisi, maana grisi hushika mchanga na kesho utakuwa na msasa badala ya reli. Grisi ni ya beringi.

Angalizo moja halina mzaha. Kabla hujasukuma, hakikisha kuna stopa imara kila mwisho wa reli, na roli za juu zinazolishikilia geti lisimame wima. Geti la chuma linaweza kufika kilo 300 na zaidi. Likitoka kwenye reli halina wa kulizuia, na wanaosimama karibu nalo ni mlinzi na watoto. Kama stopa imekatika, usilisukume kabisa. Kesho asubuhi mwite mchomeleaji kabla hujamwita fundi umeme.

Tano: msalimie mjusi

Geti likiwa laini na umeme upo, zima breka, chomoa betri ya akiba kama mota inayo, kisha fungua kifuniko cha mota. Huenda usiwe wa kwanza kufika. Boksi la mota ni giza, lina joto, na wadudu huingia humo. Mjusi wa nyumbani akitafuta makazi hapati bora kuliko hayo. Utakuta kinyesi chake juu ya bodi, pengine mayai mawili meupe pembeni, na pengine yeye mwenyewe, mkavu, mkia upande huu na kichwa upande ule wa nyaya mbili ambazo hazikupaswa kukutana. Sisimizi nao hubeba udongo mpaka ndani ya swichi za bodi.

Safisha kwa brashi laini na kavu. Usipulize dawa ya wadudu juu ya bodi. Ziba kwa silikoni mdomo wa bomba linaloleta waya, maana ndiyo njia yao. Ukiishia hapo bila kumwona mjusi, pima betri ya akiba: ya volti 12 ikisomeka chini ya hapo haina nguvu, na geti linalosogea kidogo kisha likasimama mara nyingi linalalamikia betri hiyo.

Kwa ndugu wa gereji za kupanda juu

Walioko Marekani na Kanada, ambako mlango wa gereji hupanda juu ya gari, wana sheria yao. Uzito wa mlango ule hubebwa na springi iliyo juu ya kizingiti, si na mota. Springi ya kawaida hukadiriwa kuhimili mizunguko 10,000. Kwa kufungua na kufunga mara nne kwa siku, ni kama miaka saba. Ukisikia mlio mkubwa gerejini na baadaye mlango hauinuki, tazama springi. Ikiwa imeachana, usivute kamba nyekundu ya kuuachanisha mlango na mota mlango ukiwa juu, na usiiguse springi kwa bisibisi. Nguvu iliyofungwa humo huvunja mikono. Hiyo ni kazi ya fundi pekee.

Simu kwa fundi

Yote yakishindikana, piga simu, lakini usiseme tu "Fundi, geti halifunguki." Sema hivi: "Habari za jioni, fundi. Umeme upo, breka iko juu, rimoti zote mbili zinawaka, geti linasukumika kwa mkono, mota haitoi mlio." Maneno hayo yatamfanya aje na kifaa sahihi, na atajua bei ya kubahatisha haitapita kwako.

Jumamosi hii, kabla halijagoma, wakusanye wote wa nyumbani getini. Kila mmoja azungushe ufunguo wa mota, asukume geti, alirudishe, na afunge. Mlinzi aanze. Yeye ndiye atakayekuwepo siku umeme utakapokatika, na anastahili kufundishwa kabla ya kulaumiwa.