Ombi la Ruhusa ya Kumaliza Darasa Letu

Kwa Mkurugenzi wa shirika linalotuletea vijana wa kujitolea, Uingereza.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi kamati ya shule, katika kijiji kilicho chini ya Mlima Kilimanjaro, tunashukuru kupokea vijana wenu kila Juni. Ni wachangamfu, wanasalimia hata mbuzi. Juni shule zetu za msingi huwa likizo, lakini tumekwisha kuelewa kwamba likizo inayohesabika ni ya vyuo vya kwenu. Kwa hiyo watoto huitwa warudi, wavae sare, wakae madawatini, wapate kusaidiwa.

Sasa ombi lenyewe. Boma la darasa letu lilifika usawa wa lenta kwa nguvu za wananchi: kina mama walisomba maji, kina baba mawe, na asiye na nguvu alichanga. Kumebaki kupaua, kupiga lipu na kumwaga sakafu. Tatizo ni kwamba kwenye tangazo lenu boma hilo ndilo limekaa mbele kabisa, na tunaogopa tukiliezeka mtakosa pa kuwaleta vijana. Ndiyo maana tunaomba kibali kabla hatujawaharibia biashara.

Mkileta kundi lingine la kujenga, hatutalalamika. Mwaka 2014 mwandishi wa Marekani, Pippa Biddle, alieleza jinsi yeye na wanafunzi wenzake walivyokuja Tanzania kujenga maktaba, na jinsi mafundi walivyobomoa kila usiku matofali waliyoyapanga wageni, wakayapanga upya ili asubuhi wageni hao wasijue. Huko kwenu habari hiyo ilizua mjadala. Huku mafundi waliuliza swali moja tu: zamu ya usiku ililipwa?

Na darasani kuna neno. Mwalimu wetu mwenye cheti cha Daraja la Tatu A alikaa chuoni miaka miwili. Enzi zile za kufungua shule za kata, Serikali ilipopeleka madarasani vijana wa kidato cha sita baada ya mafunzo ya wiki chache, hatukuwaonea huruma: tuliwabandika jina la voda fasta. Wa kwenu wanashuka uwanja wa ndege wa KIA Jumapili, Jumatatu wameshika chaki. Jina hatujawapa, ni wageni. Ila kila kundi linaanza na rangi kwa Kiingereza, kisha wimbo wa kichwa na mabega, na watoto, kwa adabu waliyofunzwa nyumbani, hujifanya hawajawahi kuusikia. Hesabu za sehemu, ambazo darasa la saba wataulizwa kwa Kiswahili, zinasubiri ndege iondoke.

Upungufu wa walimu tunao, hatubishi. Walimu nao wapo. Mwaka 2025 wahitimu wa ualimu wasio na ajira walijitokeza na umoja wao, na mmoja wa namna hiyo ndiye anayempakia mratibu wenu kwenye bodaboda kutoka stendi. Cheti anacho, Kiswahili anakijua, na majina ya watoto anayajua, kwa kuwa wengine ni wapwa zake. Tulipoiona ada mnayolipwa na kijana mmoja kwa wiki mbili, tuliisoma tena tukidhani sifuri imezidi. Hatusemi mtugawie. Tunauliza tu: huyu wa bodaboda akitaka kujitolea katika kijiji chake mwenyewe, mtamtoza dola ngapi?

Mwaka 1968 padri Ivan Illich aliwaambia vijana wa Marekani waliokuwa wakijitolea vijijini Mexico kwamba wakitaka waje kutazama, kupanda milima na kujifunza, lakini wasije kusaidia. Sisi tunaona alikuwa mkali mno. Ingawa, kwa upande wa mlima, tunao, tena mrefu kuliko yote Afrika, na anayewabebea mzigo kule juu huwa hamumwiti mfadhiliwa.

Tunaomba mjibu kabla ya masika. Tukiruhusiwa kuezeka, tunaahidi kuacha ukuta mmoja wa nyuma bila rangi, pamoja na brashi, kwa ajili ya picha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Kamati ya Shule

Nakala: Afisa Elimu Kata – kwa taarifa.
Fundi Mkuu – ngazi iache hapo hapo, na usiku ulale.