Sifa za Mheshimiwa CSV

Simu mpya hutungiwa matangazo, magari hutungiwa nyimbo. Faili la CSV, linalobeba ripoti za benki, hospitali na maghala kila siku ya kazi, halijapata hata mpambe mmoja. Dhuluma hiyo ikome leo.

Unyenyekevu wake hauna mfano. Ndani hamna rangi wala fomula. Ni maandishi matupu, mstari kwa kila ingizo, mkato kati ya taarifa na taarifa. Kama mgeni asiyechagua chakula, hufunguka kwa Notepad, kwa Excel, kwa LibreOffice. Kompyuta za IBM zilikuwa zikisoma data iliyotenganishwa kwa mikato tangu mwaka 1972, lakini maelezo yake, RFC 4180, yalitoka Oktoba 2005. Miaka 33 bila katiba, na hakuna aliyeandamana! Hata hayo ni maelezo tu, hayamlazimishi mtu. Ndiyo maana Wajerumani, ambao mkato wao umeshikwa na desimali, hutumia nukta mkato, na ripoti yao ikifika Nairobi hujibana yote kwenye safu moja.

Ni mkarimu pia. Anwani ya S.L.P. yenye mkato kabla ya jina la mji, isipofungwa kwa alama za kunukuu, humhamishia mteja mji wake kwenye safu ya jirani, na vyote vinavyofuata vikasogea.

Lakini utukufu wake hukamilika akikutana na Excel, hasa matoleo yake ya zamani, mkalimani asiyeuliza. Sifuri ya mwanzo ya 0754 hudondoka. Nambari ya simu inayoanza na 255 hugeuka 2.55754E+11, na apige anayeweza. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina tarakimu 20; ikiandikwa bila vistari, Excel hushika 15 tu, na tano za mwisho zote huwa sifuri. Faili likihifadhiwa hivyo, ndiyo basi.

Wanasayansi nao walisalimu amri. Jeni ya SEPT1 ilikuwa ikigeuzwa Septemba 1, na MARCH1 Machi 1, hadi kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaziita SEPTIN1 na MARCHF1. Miongozo yake ya mwaka 2020 ikalitaja tatizo hilo waziwazi. Ni mfalme gani amewahi kupewa heshima hiyo?

Mwaka huohuo, Uingereza, maabara zilileta CSV zisizo na kikomo cha mistari. Zikamiminwa kwenye faili za XLS za kizamani, zenye nafasi ya mistari 65,536, na watu 15,841 waliokutwa na korona wakaachwa nje ya hesabu za kila siku. Hapo Mheshimiwa hana hatia hata chembe. Aliyekosa nafasi ni mwenyeji.

Anayetaka kuonja fadhila hizi bila machozi alifungue faili kwa Notepad kwanza, aone kilichomo na kinachotenganisha. Kisha aingie Excel, sehemu ya Data, aliingize kutoka huko, na safu za simu na vitambulisho azitaje kuwa maandishi. Asilibofye mara mbili.