Mwembe Una Wenyewe

Kaskazi ikishika, tangu Desemba mpaka kuingia Machi, nyumba zetu za Tanga hugeuka ghala la vyombo. Watu tunaishi nje. Bati linachemka tangu saa nne asubuhi, feni inazungusha hewa ile ile iliyochoka, na umeme ukikatika hata hewa hiyo unaikumbuka kwa heshima. Mwenye mti uani ana sebule ya pili. Mimi nina mwembe dodo, benchi, mkeka na birika la kahawa ya tangawizi, na sijaona hoteli yenye raha ya namna hiyo.

Tatizo ni majirani wa juu. Hati ya kiwanja ina jina langu, lakini maji moto hawajaisoma. Wadudu hawa wekundu wanakunja majani mabichi ya mwembe, kisha wakubwa wanawabeba watoto wao mdomoni na kuwapitisha huku na huku ili watoe uzi wa kushonea nyumba. Ni kiwanda cha nguo kinachoajiri watoto wachanga, na hakuna mkaguzi wa kazi aliyewahi kupanda kuuliza. Hawana mwiba. Wanauma kwa meno, halafu wanajipinda na kumwagia tindikali pale pale walipouma. Mwili wa binadamu una sehemu ambazo adabu inakataza kuzikuna mbele za watu, na maji moto wanazijua zote.

Siku ya posa ya mpwa wangu, ndani hapakukalika, tukawakaribisha wazee wa upande wa pili chini ya mwembe. Mshenga wao alikuwa mtu wa maneno mazuri, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Alianza kwa dua, akasifu nyumba, akasifu malezi, akafika penye "tumekuja kwenu kwa unyenyekevu". Hapo akanyamaza. Macho yakamtoka. Akajaribu tena: "Kwa unyenye..." Mara akaruka kutoka kwenye benchi, "Lahaula!", akashika upindo wa kanzu kwa mikono yote miwili na kukimbilia ndani, akiuliza njiani choo kiko wapi. Barua ya posa ilibaki mkekani. Wazee waliobaki waliangalia chini kama wanaotafuta sindano.

Bibi mzaa mama wa binti, aliyekuwa ametulia mlangoni na tambuu yake, ndiye aliyevunja ukimya.

"Ikiwa mshenga wenu ana haraka hivi," akasema, "huyo bwana harusi je?"

Posa ilikubaliwa. Sidhani hotuba ingeweza kufanya kazi ile kwa wepesi uleule.

Kunguru nao ni habari nyingine. Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 wasafishe taka za mji, wakavuka hadi bara, na siku hizi wamejipandisha cheo: wanasafisha sahani. Paka wetu anaitwa Diwani, kwa sababu humwoni mpaka kuna kitu cha kugawana. Akipewa kichwa cha kibua, kunguru mmoja anatua nyuma na kumvuta mkia. Akigeuka kudai heshima yake, mwenzake anaondoka na kibua. Diwani huanza kulamba mguu kwa utulivu, kana kwamba suala la samaki halikuwamo kwenye ajenda.

Usiku wanaingia komba. Wagema wanawajua kwa kupenda tembo, sisi tunawajua kwa maembe na kwa sauti. Shemeji yangu alipokuja kutoka Njombe, ambako usiku watu wanagombea blanketi, joto lilimshinda akaomba kulala mkekani nje. Usiku wa manane nikagongewa dirisha.

"Shemeji, amka! Kuna mtoto ametupwa!"

"Mtoto gani? Rudi ukalale."

"Mtoto mchanga, analia! Nyie watu wa pwani mna mioyo gani?"

Kabla sijapata kandambili, ameshakwenda kumwamsha balozi wa nyumba kumi. Balozi akaja na msuli na rungu, akasimama chini ya mwembe, akasikiliza. Mtoto akalia tena. Balozi akamulika juu tochi, yakaonekana macho mawili makubwa na dodo lililoliwa nusu.

"Mgeni wako katoka wapi?" akaniuliza.

"Njombe."

"Mpe chai," akasema, akarudi kulala.

Baada ya mkasa wa mshenga nilimfuata bwana shamba nikitaka dawa ya kuwamaliza maji moto. Alicheka mpaka akavua miwani. Mwaka 2003, akaniambia, nzi wa matunda kutoka Asia alionekana kwa mara ya kwanza pwani ya Kenya, akaenea huku kwetu, na maembe mengi yakawa yanaivia funza. Maji moto wanamfukuza nzi huyo. Kwenye minazi wanamfukuza pia mdudu anayefyonza nazi changa zikapukutika. Ukiwapulizia dawa, umewafukuza walinzi wa ghala na kumwachia mwizi mlango.

Basi wenye miembe, waacheni. Sogezeni benchi mbali na shina, mkung'ute mkeka kabla ya kukaa, na mgeni wa kanzu mpeni kiti cha plastiki katikati ya uwanja, hata kama ni juani.