Foleni ya Watu Wazima
Nchini Uingereza, ambako Sheria ya Usonji ya mwaka 2009 ilitungwa kwa ajili ya watu wazima wenye usonji, yaani hali ya maumbile ya ubongo inayogusa mawasiliano na kumfanya mtu alemewe na mambo yasiyotabirika, mwongozo rasmi unataka uchunguzi uanze ndani ya miezi 3 tangu rufaa ipokewe. Miezi hiyo, katika maeneo mengi, imejaliwa umri mrefu hata ikawa miaka. Anayesubiri, ambaye huenda kumpigia simu mtu asiyemjua ni mateso kwake, hushauriwa apige simu kuuliza iwapo bado yumo orodhani. Dodoso la awali, lenye maswali 10, humtaka atofautishe kukubali kabisa na kukubali kidogo, bila kumweleza kidogo ni kiasi gani. Kisha, kwa kuwa usonji huanza utotoni, huombwa, ikiwezekana, alete mzazi wa kusimulia jinsi alivyokuwa akicheza: ombi jepesi kwa mtu wa miaka 60, ambaye mama yake, kwa uzembe tu, amekwisha kufariki. Mwenye fedha humlipa daktari binafsi, akapata cheti ambacho baadhi ya ofisi hukitilia shaka, pengine kwa kuwa kimetoka upesi mno.