Springi za Mzigo

Mtu apendaye kujua ni gari la namna gani lifaalo kwa maisha ya Sori, mji wetu huu mdogo ulioko kwenye Ghuba ya Karungu, katika kaunti ya Migori, hana haja ya kuuliza watu. Na ashuke ufuoni asubuhi, wakati mashua zirejeapo na omena waliovuliwa usiku kwa taa, na wanawake wamekwisha kuanza kuwatandaza juu ya nyavu kuukuu wapate jua, halafu ayatazame magari yaliyoegeshwa juu kidogo yakingojea magunia. Aghalabu ni Toyota Probox, gari ambalo Wajapani walilitoa mwaka 2002 kwa ajili ya makarani na wachuuzi wa miji yenye barabara njema, na ambalo, tangu lilipovuka bahari likiwa limekwisha tumika, limepewa na watu wa Nyanza kazi ambazo mwundaji wake hakuzidhamiria: kubeba abiria kumi mahali pa watano, kubeba saruji, kubeba omena, kubeba jeneza na wafiwa pamoja. Likiwa tupu, utaliona limeinua kitako na kuinamisha pua, kwa sababu mwenyewe amelitoa springi lilizozaliwa nazo akalitia nyingine nene zaidi, ili litakapopakiwa lisiyakalie magurudumu. Hilo ni jambo la busara, nami sina neno nalo. Neno langu ni juu ya gari la mwalimu.

Mimi si mchuuzi wa omena. Ni mtu wa pwani niliyeletwa huku kusomesha Kiswahili, na mzigo mkubwa kabisa ambao gari langu lilikuwa limepata kuubeba ni madaftari ya kidato cha tatu, pamoja na mama watoto na kikapu chake siku ya soko. Lakini ninaye sahibu, mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa Karungu hii hii, mtu mwenye moyo mweupe na mkono mwepesi, ambaye hawezi kuona kitu kinafanya kazi bila ya kutamani kukifungua. Siku moja nilimchukua kwenye njia ya Magunga, ile iendayo upande wa kaunti ya Homa Bay ikipita chini ya milima ya Gwassi hadi Sindo na Mbita, na kila tulipokutana na jiwe lililochomoza, au na makorongo yaliyochimbwa na malori wakati wa masika, tukalisikia tumbo la gari likikwaruzwa, naye akawa anafumba macho kwa uchungu ambao mimi mwenye mali sikuuona.

“Omera, mwalimu,” akaniambia tulipofika, “hii gari haitembei, inalima. Tuiinue. Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja, na haina maneno.”

Nilipomwuliza ufundi huo aliusomea wapi, alinijibu kwamba binamu yake alikuwa na gereji, na kwamba yeye, katika likizo zote za ujana wake, ndiye aliyekuwa akishika tochi. Watu wengi wamepata kuitwa mafundi kwa elimu ndogo kuliko hiyo. Basi tukaagiza vipuri kutoka Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, ambako ni muhali mtu kutaja kiungo cha gari akakikosa, vikaja kwa basi vimeshonewa ndani ya gunia: springi mbili nene za nyuma, shokamzoba zake, na vile vipande vya kutiwa juu ya springi za mbele ili kuliinua gari, ambavyo mafundi huviita spesa. Mama watoto aliviona vimepangwa sebuleni, akatutazama sisi, akasema, “Gari lina fundi wake, bwana, na fundi ana spana zake, nyinyi mna chaki.” Sahibu akacheka sana, akamwita shemeji, akamwomba chai.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo alikuja na rula ya ubaoni, ile ndefu ya shule, akapima kutoka ardhini hadi ukingoni mwa gari upande wa nyuma, akaandika kipimo hicho kwa chaki juu ya ukuta wa nyumba yangu, ili, kwa maneno yake, faida ya kazi ipate kuonekana kwa tarakimu. Kisha akatia jeki.

Ardhi ya sehemu hizi, asiyeijua na aambiwe, ni udongo mweusi ambao hupasuka nyufa wakati wa kiangazi na kuvimba ukinyeshewa, na kwa tabia yake haupendi kubeba kitu kizito kilichosimama juu ya mguu mwembamba. Tulipopiga jeki, gari halikupanda; jeki ndiyo iliyoshuka. Sahibu akaendelea kupiga kwa imani kubwa mpaka jeki ikazama nusu yake, ilhali gari liko pale pale lilipolala usiku. Ikatupasa twende ufuoni kwa mafundi wa mashua kuazima ubao, nao kwa ukarimu wakatupa kipande kinene, wakiweka sharti moja tu, kwamba kirudi kizima. Sharti ambalo halikutimizika.

Springi ya nyuma ya gari hili haikufungwa kwa bolti; imekaa tu baina ya ekseli na mwili, imeshikwa na uzito. Ukifungua shokamzoba kwa chini na kuiacha ekseli ining'inie, springi yatoka kwa mkono. Zile za zamani zilitoka hivyo hivyo, kwa upole, na sahibu akanitazama kwa jicho la mtu aliyekwisha shinda kesi. Lakini springi mpya ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake, tena ngumu, na ekseli, ili ishuke zaidi, ilitaka kukaliwa. Mwalimu wa hisabati akaikalia. Mimi nikalala chali chini ya gari, springi kifuani, nikiizungusha taratibu ili ncha yake ya chini ipate kuingia kwenye kikalio chake. Na kila ilipokaribia kuingia, yeye aliinuka kuchungulia kama imeingia, na kwa kuinuka huko ekseli ikapanda, springi ikafyatuka na kubingirika hadi kwenye sukuma za jirani. Nilimsihi asiinuke. Akasema hawezi kukalia jambo asiloliona.

Tena Sori, kazi ifanywayo nje ni mali ya umma. Watoto walifika kwanza, wakafuata waendesha bodaboda, kisha muuza mahamri aliyetua ndoo yake akaagiza kwamba tuanze upya, na kila mmoja alikuwa na jamaa wa karibu aliyepata kufanya kazi hii hii kwa nusu ya wakati. Mwisho akaja mzee mmoja, mvuvi wa zamani, akasimama na bakora yake muda mrefu bila ya kunena, halafu akauliza gari lilikuwa na ugonjwa gani.

“Haikuwa na ugonjwa, jaduong',” akajibu sahibu kwa adabu. “Tunaiboresha.”

“Ilikuwa inatembea?”

“Ilikuwa inatembea.”

“Na sasa, inatembea?”

Sahibu akasema bado kidogo. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaenda zake, na mimi niliyelala chini ya gari nikayaona makubadhi yake yakiondoka, nikatamani kuyafuata.

Ilikuwa katika kuirejesha shokamzoba ya kushoto ndipo nati yake ilipomponyoka mmoja wetu, ambaye hakuwa mimi, ikadunda juu ya ubao wa watu wa mashua na kupotelea katika ufa wa ardhi. Karungu ni nchi mashuhuri kwa vitu vilivyozikwa. Mwaka 1911 alikuja huku Mwingereza mmoja, Felix Oswald, mwanajiolojia aliyetumwa na Makumbusho ya Uingereza kutafuta mifupa iliyogeuka mawe, kwa kuwa ilikwisha julikana kwamba ardhini mwetu mna masalio ya dinotheri, mnyama wa jamii ya ndovu ambaye pembe zake zilielekea chini. Naye akafanya kazi hiyo pamoja na wapagazi wake, zama ambazo malale yalikuwa yamewatia watu hofu mwambaoni kote, na mwaka 1915 akatoa kitabu juu ya safari yake. Mtu huyo alifukua mifupa ya viumbe walioishi zaidi ya miaka milioni 15 iliyopita. Sisi tulikuwa tukitafuta nati iliyoanguka sasa hivi, tulikuwa tumeuona ufa ilimoingia, na tulikuwa na umati wa wasaidizi. Tukachimba kwa bisibisi, tukachimba kwa jembe, tukachekecha udongo kwa chekeche ya unga bila ya idhini ya mwenye chekeche, na nati hatukuipata. Naitakidi kuwa imo humo hata leo. Tukaitia shokamzoba nati ya kitanda.

Hata hivyo nyuma ni mchezo. Hatari iko mbele. Katika magari mengi ya siku hizi springi na shokamzoba za mbele ni kitu kimoja, moja imeizunguka nyingine, kwa mtindo uliobuniwa na mhandisi wa Kimarekani, Earle MacPherson, na ambao Ford waliutia katika magari yao ya Consul na Zephyr huko Uingereza mwaka 1950. Na kwa kuwa ni mtindo mwepesi na wa gharama ndogo, umeenea dunia nzima hata ukafika Sori. Sina ugomvi na Bwana MacPherson. Lakini springi hiyo hukaa imebanwa usiku na mchana, na kinachoizuia isifumuke ni nati moja ya juu. Aifunguaye nati hiyo kabla ya kuibana springi kwa vyombo vyake, ambavyo sharti viwe viwili, kimoja kila upande, huwa ameiachilia nguvu iliyokuwa ikibeba pembe nzima ya gari, na aghalabu uso wake ndio ulio njiani.

Vyombo hivyo hatukuwa navyo. Sahibu akaleta kamba ya nailoni ya kukokotea nyavu, akaanza kuizungushia springi mafundo ya kivuvi, mazuri kwa kweli, huku akisema, “Kamba hii inavuta mbuta, mwalimu, itashindwa na kaspringi?” Hapo nikaweka spana chini. Urafiki una mipaka yake, na wangu huishia pale meno yanapoanzia. Tukabishana kwa heshima, mbele ya umma, mpaka akakubali kupanda pikipiki kwenda Masara kwa mtu aliyemjua. Akarudi baada ya alasiri amebeba chombo kimoja. Mwenziwe, akasema, aliazimwa mwaka uliopita na yuko Muhuru. Nikamwambia kimoja hakitoshi. Akanijibu kwamba katika hisabati kimoja ni nusu ya viwili, kwa hiyo tungeweza kufanya nusu ya kazi. Alipokizungusha kidogo tu, springi ikaanza kupinda tumbo upande mmoja na kutoa mlio mwembamba, na sisi wawili, bila ya kushauriana, tukajikuta nyuma ya mwembe. Watoto walikuwa wamekwisha tangulia.

Alhasili gari lilikokotwa hadi kwa fundi. Fundi hakusema mengi. Aliyabana aliyoyabana, akafungua, akatia spesa, akafunga, na jua lilikuwa halijachwa. Ilipofika bei, sahibu yangu alisimama kifua mbele akadai tupunguziwe, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ilikwisha fanywa na sisi wenyewe. Fundi akamjibu kwamba ndiyo maana imepanda.

Gari likarudi nyumbani limesimama wima, nami sitakana kwamba kwa siku chache nililiendesha kwa takaburi. Kisha tabia zake zikaanza kudhihiri. Katika ekseli ya nyuma kuna chuma kirefu kilichokwenda mshazari hadi kwenye mwili, na gari likiinuliwa chuma hicho huisogeza ekseli kando kidogo. Kwa hiyo anifuataye kwa nyuma huliona gari langu linakwenda kama kaa. Fauka ya hayo, bolti za viungo vyenye bushi za mpira hukazwa gari likiwa limekanyaga chini, ilhali sahibu alizikaza likiwa linaning'inia, na mpira uliosokotwa ukawa unalia katika kila tuta kutoka shuleni hadi sokoni. Hayo yavumilika. Lisilovumilika ni kwamba springi zilizofanyiwa magunia ya omena hazina habari na madaftari. Likiwa na mimi peke yangu, gari halikanyagi njia, linairuka; na Jumamosi moja mama watoto alirejea sokoni ameshika trei ya mayai magotini kwa mikono miwili, akashuka bila ya kunisemesha, akaingia jikoni, na jioni tukala mayai sote, pamoja na majirani, kwa maana hayangefika kesho.

Sahibu alipopelekewa malalamiko hayo alilizunguka gari, akalisukuma kitako kwa goti, akatoa hukumu. “Springi hazina makosa. Zinakosa mzigo.” Tukashuka ufuoni, tukajaza magunia ya mchanga, tukayapakia nyuma, moja juu ya jingine, mpaka mwendo ukatulia na bushi zikanyamaza. Kwa kweli likawa gari la raha. Akaja na rula yake akapima tena kutoka ardhini hadi ukingoni, akatazama chaki iliyoko ukutani, akapima mara nyingine kwa kuwa ni mtu mwangalifu, kisha akanijulisha kwamba kipimo ni kile kile cha kwanza, hakikuzidi wala hakikupungua.

“Lakini sasa,” akasema, “ina uwezo.”

Basi yeyote aliyeko Sori, au kokote katika Nyatike, mwenye magunia ya omena ya kupeleka Migori au Homa Bay, na aniarifu shuleni siku yoyote baada ya vipindi. Nauli nitampunguzia, madhali atakubali kunisaidia kuteremsha mchanga.